Ripita ya mlimani: Mtambo mdogo, matunzo makubwa

Na Mwandishi Wetu

MIJI ya Njombe na Makambako, yote ikiwa katika Mkoa wa Njombe uliomegwa kutoka Iringa mwaka 2012, imeachana kwa takriban kilomita 60 katika barabara iendayo Songea. Kwa gari ni mwendo wa saa moja hivi. Kwa redio ndogo ya mkononi, maarufu kama redio koli, umbali huo haufikiki bila msaada wa kilima.

Sababu ni kwamba mawimbi ya VHF husafiri karibu katika mstari ulionyooka, na mviringo wa dunia huyakatiza. Watu wawili waliosimama tambarare husikilizana kwa kilomita 10 hivi tu. Antena ikiwekwa juu ya kilima kinachozidi nchi inayokizunguka kwa mita 250, upeo wake hufika kilomita 65. Kwa mita 400, hupita kilomita 80.

Hapo ndipo huwekwa ripita, yaani mtambo unaopokea sauti dhaifu kutoka bondeni na kuirusha upya kwa nguvu papo hapo.

Miongoni mwa wanaotumia mitambo hiyo duniani ni warushaji wa redio wa ridhaa, ambao hujifunza, hufanya majaribio na kuwasiliana bila malipo wala biashara. Nchini, leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), na majina yao ya hewani huanza na 5H, kama ya Kenya yaanzavyo na 5Z na ya Uganda 5X.

Thamani yao huonekana siku ya maafa. Tsunami ya Desemba 26, 2004, ambayo athari zake zilifika hadi pwani ya Dar es Salaam, ilipokata simu katika visiwa vya Andaman vya India, warushaji wa ridhaa waliokuwa huko ndio waliopeleka bara habari za waliosalimika.

Hata hivyo, ripita iliyozimika siku kama hiyo haimfai mtu. Na mara nyingi kinachoizima si redio yenyewe, bali umeme, maji, radi na usahaulifu.

Vifaa vyake

Ripita ya ridhaa inaweza kupokea katika masafa ya megahezi 145.100 na kurusha katika 145.700. Tofauti hiyo ni ndogo mno, hivyo kirushio kingeweza kukizibia masikio kipokezi kilicho kando yake. Kinachovitenganisha ni chujio la mawimbi, ambalo ni mitungi ya chuma iliyorekebishwa kwa vipimo maalumu. Asiye na vipimo hivyo asiguse skrubu zake.

Vilivyobaki ni antena, waya mnene wa kuiunganisha, na kidhibiti kinachotaja jina la kituo kwa alama za Morse na kumkata mzungumzaji anayepitiliza muda.

Hesabu ya umeme

Ripita ya wati 25 ikiwa kimya hutumia takriban nusu ampea. Ikirusha, ampea 6 hivi. Ikirusha kwa saa mbili kwa siku, mahitaji ya siku nzima hufikia ampea-saa 24 hivi. Betri ya asidi yenye ampea-saa 100, isiyopaswa kushushwa chini ya nusu, itaihimili kwa siku mbili tu bila jua.

Katika nyanda za Njombe ukungu unaweza kuganda siku kadhaa mfululizo. Kwa hiyo paneli ya wati 100, inayotosha kwa hesabu ya karatasini, haitoshi mlimani. Wati 200 na betri mbili ni salama zaidi. Aidha, usiku wa Juni na Julai, joto likikaribia nyuzi sifuri, betri ya asidi hupoteza takriban moja ya tano ya uwezo wake.

Radi na maji

Kilima kinachoipa antena upeo ndicho pia kinachoiita radi. Mnara, kibanda na ganda la nje la waya wa antena havina budi kuunganishwa kwenye mfumo mmoja wa nondo za shaba zilizozikwa ardhini. Mafundi wengi hulenga ukinzani usiozidi omu 10, na kipimo cha kuaminika ni cha mwisho wa kiangazi, udongo ukiwa mkavu.

Maji huingia polepole kupitia maungio ya waya. Dalili yake ni nguvu inayorudi kutoka kwenye antena kuongezeka. Ndiyo maana vipimo vya siku ya kwanza huandikwa katika daftari la kituo, na kila ziara hulinganishwa navyo.

Kalenda ya matunzo

Oktoba, kabla ya mvua: kupima nondo za ardhini, kufunga upya maungio, kukaza boliti na waya zinazoshikilia mnara.

Mei, baada ya mvua: kukagua kutu, unyevu, betri, na viota vya nyigu na panya ndani ya kibanda.

Julai: kufyeka nyasi kuzuia moto, na kupogoa misonobari au mikaratusi inayoanza kuzifunika paneli.

Kila ziara iwe na watu wasiopungua wawili. Asipande mtu mnarani mawingu yakitanda, kirushio kikiwa kimewashwa, au bila mkanda wa usalama.

Fedha ya kujenga hupatikana mara moja, tena kwa furaha. Ya betri mpya hudaiwa kila baada ya miaka michache, na ulinzi dhidi ya wezi wa paneli na shaba hudaiwa kila siku. Kikundi kisicho na mfuko wa matunzo ni afadhali kisipande mlima. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ukuta wa mlimani hujengwa kwa tofali zilizobebwa kichwani.