Hesabu za Stima

Mwaka 2000 nilikuwa darasa la tatu na stima Nairobi ilikuwa ya zamu. Leo nyinyi, kesho sisi. Mama alikata ratiba ya mgao gazetini akaibandika mlangoni, na jioni zetu za giza nilifanya kazi ya shule kwa koroboi mpaka pua ikawa nyeusi. Stima ikirudi, ploti nzima ilipiga kelele utadhani Harambee Stars wamefunga.

Sababu ilikuwa Mto Tana. Mabwawa yake matano, kutoka Masinga hadi Kiambere, ndiyo yaliyobeba nchi, na mvua ilikataa. Mwaka 2009 ikakataa tena, maji ya Masinga yakashuka hadi mitambo ikazimwa.

Kwa hivyo nawaelewa wataalamu waliokaa na kompyuta miaka hiyo wakaandika mpango wa 2011, ule wa miaka 20, wa kutafuta stima kwa gharama ndogo iwezekanavyo. Walitumia programu inayoitwa MAED, ya Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki. Unaiambia watu watakuwa wangapi, uchumi utakua kwa kasi gani, viwanda gani vinakuja. Inakurudishia kiasi cha stima mtakachohitaji mwaka baada ya mwaka. Haikuulizi ulitoa wapi hizo namba.

Na namba zilitoka kwa Ruwaza ya 2030. Uchumi ungekua kwa asilimia 10 kila mwaka. Kungekuwa na reli ya umeme, mji wa Konza, viwanda vya kuyeyusha chuma. Ukijumlisha yote hayo, matumizi ya saa ya kilele yangepanda kutoka megawati 1,200 hivi mwaka 2010 hadi kama 15,000 kufikia 2031. Hesabu yenyewe ilikuwa sawa. Kilichoingizwa ndani yake ni matumaini ya wanasiasa, kikatoka upande wa pili kikiitwa utabiri.

Mwaka 2013 serikali ya Uhuru Kenyatta ikatangaza megawati zaidi ya 5,000 ndani ya miezi 40. Wakati huo nchi nzima haikuwa inafikisha 1,500 saa ya kilele. Ndani ya orodha kulikuwa na kiwanda cha makaa ya mawe huko Kwasasi, Lamu, cha megawati 1,050. Mikataba ya aina hii si mchezo: mtumie stima, msitumie, mwenye mtambo analipwa, na pesa zinatoka kwa tokeni unayonunua.

Reli ikafunguliwa 2017, treni zikiendeshwa kwa dizeli. Uchumi ukawa unakua kwa asilimia 5 hivi. Kufikia 2019 kilele kilikuwa karibu megawati 1,900, maana yake Lamu pekee ingetoa zaidi ya nusu ya mahitaji ya Kenya nzima. Ya kwenda wapi?

Waliouliza hilo kwa nguvu zaidi ni watu wa Lamu wenyewe, wavuvi wakiwemo, chini ya mwavuli wa Save Lamu. Hesabu ya gharama ndogo hujumlisha mafuta, mitambo na riba. Samaki wa mtu hawamo. Tarehe 26 Juni 2019 Mahakama ya Mazingira ikafuta leseni ya mradi. Ilisema wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, na Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016 haikuzingatiwa.

Lakini tusiwe wepesi wa kucheka. Mpango huohuo wa 2011 ndio uliosukuma mvuke wa Olkaria, ambako megawati 280 ziliongezwa karibu na mwaka 2014, na leo mvuke unatoa karibu asilimia 40 ya stima yetu. Ukame ukija sasa, hatuzami gizani kama zamani. Halafu kuna hili: baada ya miaka ya kuambiwa tuna stima ya ziada, mikataba mipya ikasimamishwa, na mwaka 2025 kilele kikapita megawati 2,300. Rais William Ruto mwenyewe amekiri hadharani kwamba jioni kuna maeneo yanayokatiwa.

Mama siku hizi anaishi Kakamega. Juzi alinipigia saa mbili usiku, kwao giza, akaniuliza kama zile ratiba bado zinatoka gazetini.