Uzi wa mahindi: Plastiki ya kuchapishia vifaa huoza, lakini si popote

MASHINE za kuchapisha vifaa vya pande tatu hulishwa uzi wa plastiki, mithili ya cherehani inavyolishwa uzi wa pamba. Uzi huo, ambao aghalabu huwa na kipenyo cha milimita 1.75, huyeyushwa na kutandazwa tabaka juu ya tabaka hadi kifaa kikamilike. Mmarekani Scott Crump alipewa hataza ya mbinu hiyo mwaka wa 1992. Muda wa hataza ulipoisha mwaka wa 2009, mashine zilishuka bei na kuenea hadi majumbani, nazo taka zikaongezeka.

Uzi unaopendwa zaidi ni wa PLA. Wanga wa mahindi au sukari ya miwa huchachushwa na bakteria ili kupata asidi ya laktiki, ile ile inayoyapa maziwa ya mala uchachu wake, kisha molekuli zake huunganishwa kuwa minyororo mirefu. Kwa sababu ya asili hiyo, wengi hudhani kifaa cha PLA kikifukiwa shambani kitaoza kama gunzi.

La hasha. Sharti kwanza maji yaikate minyororo hiyo vipande vifupi, ndipo vijiumbe vipate cha kula, na kazi hiyo huenda kasi tu joto linapokaribia nyuzi 60 sentigredi, kama katika mitambo mikubwa ya mboji. Katika udongo wa kawaida au baharini, kifaa hicho huweza kukaa miaka na mikaka. Katika nchi kama Kenya, iliyopiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 28, 2017, mnunuzi anayeambiwa uzi fulani "unaoza" ana haki ya kuuliza utaozea wapi.

Hulka hiyo hiyo humtesa mtengenezaji. Uzi uliofyonza unyevu hukatika minyororo unapoyeyushwa, na kifaa kikatoka dhaifu. Fauka ya hayo, PLA hulegea kwenye nyuzi 60 hivi. Kifaa kilichoachwa garini juani huweza kupinda. Kukipasha joto ili molekuli zijipange vyema hukiimarisha, ila mpangilio huo huzuia maji kupenya na kuchelewesha kuoza.

Wanaotaka uzi upitishe umeme huuchanganya na masizi ya kaboni. Masizi hayaozi: plastiki ikiisha, yenyewe husalia udongoni. Unga wa mbao hauna taabu hiyo, ingawa huweza kuziba tundu la mashine.

Tegemeo jingine ni PHA, jamii ya plastiki ambazo bakteria hujiwekea kama akiba ya chakula. Mojawapo, PHB, ilitambuliwa na Mfaransa Maurice Lemoigne katika miaka ya 1920. Hizi huoza udongoni na hata baharini pasipo joto la mtambo. Hata hivyo, PHB huvunjika upesi na huanza kuharibika kwenye joto lililo karibu na lile la kuiyeyusha, hivyo aghalabu huchanganywa na PLA.

Mahali ambapo kuoza kwenyewe ndiko kazi inayotakikana ni hospitalini. Mwaka wa 2012, madaktari wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walimpachika mtoto kishikizo cha njia ya hewa kilichochapishwa kwa plastiki ya PCL, japo kwa unga uliounganishwa kwa leza badala ya uzi. Kilikusudiwa kuyeyuka mwilini baada ya miaka mitatu hivi, njia hiyo ikiwa imekomaa.