Simu ilivyoingia darasani katika vyuo vikuu vya Congo

Chuo kikuu cha Lovanium kilianzishwa mwaka 1954 mjini Léopoldville, Kinshasa ya leo. Baadaye kikaja kile cha Elisabethville, ambayo sasa ni Lubumbashi, na mwaka 1963 kile cha Kisangani. Mwaka 1971 serikali ya Mobutu ilivikusanya vyote vitatu kuwa UNAZA, na mwaka 1981 vikatenganishwa tena. Majina yalibadilika, lakini ufundishaji ulibaki karibu uleule: profesa anasoma, wanafunzi wanaandika, silabusi inauzwa. Asiye na pesa aliazima ya mwenzake na kuinakili usiku.

Desturi hiyo ya kuazimana ndiyo iliyohamia kwenye simu. WhatsApp ilianza mwaka 2009, na ilipoenea nchini, wanafunzi hawakungoja amri ya rekta. Kiongozi wa darasa, yule wanayemwita CP, aliyezoea kubandika matangazo ukutani, alifungua kundi la promosheni yake. Humo zilipita picha za ubao, kurasa za silabusi na sauti ya profesa iliyorekodiwa. Mwanafunzi aliyeona haya kunyosha mkono mbele ya mamia ya wenzake alipata pa kuuliza, na mara nyingi mwenzake ndiye aliyemjibu kabla ya mwalimu.

Mtihani mkubwa ulikuja na Covid-19. Tarehe 18 Machi 2020, Rais Félix Tshisekedi alitangaza kufungwa kwa shule na vyuo vikuu. Masomo yalirudi Agosti, yakasimamishwa tena Desemba, yakaanza upya Februari 2021. Katika miezi hiyo, wengi hawakuwa na darasa lingine isipokuwa kundi lile la simu. Mwenye simu nzuri na mega alifuata. Aliyerudi kijijini pasipo na mtandao wala umeme alikuta wenzake wamemwacha mbali.

Tena, mlango huo una funguo zilizo mikononi mwa wengine. Baada ya uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018, serikali ilikata intaneti kwa karibu siku 20. Mwezi Septemba 2020, vyuo vikiwa vimetoka tu kufunguliwa, ilianza RAM, ada iliyokatwa kwenye salio la simu. Wananchi waliilalamikia sana, na mwaka 2022 ikaondolewa. Kwa mwanafunzi, kila faranga iliyokatwa ilikuwa ukurasa ambao hakuweza kuufungua.

Ikumbukwe kwamba makundi haya hayakuletwa na wizara. Yalizaliwa na wanafunzi waliokuwa wakigawana kile kidogo walichonacho. Chuo kinachotaka kufundisha kupitia simu kianzie hapo: kitume masomo mepesi yasiyomaliza mega, kiweke intaneti chuoni, na kisitupe nakala ya karatasi. Siku mtandao ukikatwa, ni karatasi hiyo itakayozunguka tena mkono kwa mkono.