Hoteli ya Chelsea: Nyumba ya Wageni Iliyokuwa Makao

Wanaoandika historia ya miji hupenda kueleza habari za makanisa, majumba ya utawala na masoko. Nyumba za kupanga husahauliwa, ingawa ndimo watu wengi walimojifunza kuishi pamoja. Katika insha hii fupi tutaitazama mojawapo, yaani Hoteli ya Chelsea, iliyoko barabara ya 23 upande wa magharibi, jijini New York.

Jengo hilo lilijengwa kati ya miaka 1883 na 1885, na msanifu wake alikuwa Philip Hubert, mzaliwa wa Ufaransa. Halikukusudiwa kuwa hoteli. Lilikuwa nyumba ya ushirika: wanahisa walilimiliki kwa pamoja, wakashirikiana gharama za uendeshaji, na makao mengine yakapangishwa ili kuwapunguzia mzigo.

Usanifu wake wadhihirisha kusudi hilo. Lina ghorofa 12 za tofali nyekundu, na roshani za chuma zilizonakshiwa maua. Ngazi kuu yapanda katikati ya jengo hadi juu. Kuta ni nene, na ghorofa ya juu kabisa ilitengwa kwa ajili ya studio za wachoraji.

Ushirika ulifilisika, na mwaka 1905 nyumba ikawa hoteli. Hata hivyo, wageni wengi waliendelea kuifanya makao yao kwa miaka mingi. Mshairi Dylan Thomas alikuwa akikaa humo alipougua mwaka 1953, akafariki hospitalini. Mwandishi Arthur Miller aliishi humo katika miaka ya 1960. Stanley Bard, aliyekuwa meneja hadi mwaka 2007, alijulikana kwa kuwavumilia wasanii waliochelewesha kodi.

Mwaka 1966 jiji liliitangaza nyumba hiyo kuwa jengo la kihistoria. Lakini tangazo hilo lilihifadhi sura ya nje tu, wala si wakazi. Ilipouzwa mwaka 2011, ilifungwa kwa wageni, na ukarabati ukaendelea kwa zaidi ya miaka kumi. Wapangaji waliolindwa na sheria za kodi walibaki humo, katikati ya vumbi na kelele, hadi hoteli ilipofunguliwa tena mwaka 2022.

Basi, tunapozungumzia kuhifadhi nyumba za kale, yatupasa kuuliza: je, twahifadhi tofali peke yake, au pia haki ya wale waliozifanya tofali hizo kuwa nyumbani?