Televisheni ya Mjomba

Kuna makosa ambayo mtu huyafanya kwa uchoyo, na kuna mengine huyafanya kwa kujifanya mjuzi. Kosa ninalotaka kukusimulia, ndugu msomaji, ni la aina ya pili. Mwaka 2012 nilimnunulia mjomba wangu wa Mgeta televisheni isiyomfaa, tena kwa fedha yake mwenyewe. Lakini ili uzito wa kosa hilo uonekane, sina budi kuanza mbali kidogo, kwa kuwa mjomba hakuanza kuitamani televisheni jana wala juzi.

Majirani zetu walitutangulia. Kenya ilianza kurusha matangazo ya televisheni mwaka 1962, Uganda mwaka 1963, na ndugu zetu wa Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Tanzania Bara tulikaa bila kituo hata kimoja hadi mwaka 1994. Haikuwa bahati mbaya, ulikuwa uamuzi. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliiona televisheni kuwa ni anasa inayoweza kungoja, katika nchi ambayo bado ilikuwa ikihangaikia shule, zahanati na maji safi. Redio ilitosha, kwani redio ilipanda hata milimani.

Nasi watu wa milimani tuliishi kwa sikio. Mbaraka Mwinshehe alikuwa wa kwetu Morogoro. Mjini walimwona ukumbini na gitaa lake, lakini huko Mgeta wengi walimjua kwa sauti tu. Mwaka 1970 yeye na wenzake wa Morogoro Jazz walikwenda Japani, kwenye Maonyesho ya Dunia mjini Osaka, katika nchi ambayo televisheni za rangi zilikuwa zimeanza kuingia majumbani. Huku nyumbani hatukuwa hata na ya rangi nyeusi na nyeupe ya kumtazamia. Alipofariki kwa ajali ya gari huko Mombasa mwezi Januari 1979, mjomba aliipata habari redioni. Hadi uzeeni alikuwa akisema, "Mbaraka nilimzika kwa sikio."

Mwaka 1994 vituo vya kwanza vya Bara, ITV kikiwa mojawapo, vilianza kazi, na seti zikaanza kuonekana katika nyumba zenye uwezo. Zilikuwa ni zile ambazo baadaye vijana walizibandika jina la TV za chogo, kwa sababu ya kisogo kilichotokeza nyuma. Kisogo hicho hakikuwa pambo. Ndani yake mlikuwa na chupa kubwa ya kioo iliyoondolewa hewa, na kutoka shingoni mwake elektroni zilirushwa hadi kwenye uso wa kioo, zikawasha vidoa vya rangi. Kadiri kioo kilivyopanuka ndivyo na kisogo kilivyorefuka.

Mwalimu alipofariki London tarehe 14 Oktoba 1999, mjomba aliteremka kutoka Mgeta, akaja kwangu mjini. Seti yangu ya chogo ilikuwa ya inchi 14. Sebule ilijaa, watu wakasimama hadi dirishani. Ndivyo ilivyokuwa: kiongozi aliyesema televisheni ingoje, wengi wetu tulimsindikiza kwa televisheni. Mazishi yalipokwisha mjomba alikaa kimya kwa muda mrefu, kisha akasema, "Huyu nimemzika kwa macho. Siku moja na mimi nitakuwa nayo."

Siku hiyo ilifika mwaka 2012. Mjomba alikuwa amewekewa umeme wa jua: paneli ya wati 50, betri moja na taa nne. Aliuza mbuzi wanne wa maziwa, akanikabidhi shilingi laki nne na nusu. "Mpwa wangu," aliniambia, "wewe umesoma na unaishi mjini. Nichagulie." Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno. Mjomba anapokupa kazi kama hiyo, amekupa heshima.

Dukani nilikuta aina nne. Chogo zilikuwa zimesukumwa pembeni, bei yake ya chini. Nyingine tatu zilikuwa bapa, nazo kwa mtazamo wa haraka zilifanana.

Ya kwanza ilikuwa plasma, iliyobuniwa katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, mwaka 1964. Kioo chake kina vyumba vidogo sana vyenye gesi, na kila kimoja huwaka chenyewe kama taa. Ndiyo maana weusi wake ni mweusi kweli, na mtu akikimbia picha haichafuki. Lakini taa zote hizo zinataka kulishwa.

Ya pili ilikuwa LCD. Asili yake ni mwaka 1888, pale Friedrich Reinitzer, mtaalamu wa mimea kutoka Austria, alipochunguza kitu kilichotokana na karoti, zao ambalo watu wa Mgeta wanalijua vema. Aliona kwamba kikiyeyuka kinakuwa majimaji yenye tabia ya fuwele. Majimaji ya namna hiyo hayatoi mwanga. Umeme huyageuza tu, yakaruhusu au yakazuia mwanga wa taa iliyowekwa nyuma, kama mbao za dirisha zinazofunguliwa na kufungwa.

Ya tatu iliandikwa LED. Wengi hudhani ni kioo cha aina nyingine kabisa. Sivyo. Ni LCD ileile, ila nyuma yake mirija ya taa imeondolewa, zikawekwa taa ndogo za LED zinazokula umeme kidogo.

Haya yote muuzaji hakunieleza, wala mimi sikuuliza. Nilisimama mbele ya plasma ya inchi 42, iliyotumika, nikaona jinsi majani ya uwanja wa mpira yalivyokolea, nikajiona kijana wa Mgeta aliyefanikiwa. Nikalipa. Inveta ya kuiendesha nikaiongeza kwa fedha yangu, nikaifunga televisheni kwa blanketi, tukapanda nayo kwa Land Rover hadi kwa mjomba.

Jioni ile ukoo ulikusanyika. Fundi alikwishafunga dishi na king'amuzi. Saa mbili usiku taarifa ya habari ilianza, watoto wakapiga makofi, mjomba akavaa koti kana kwamba anakwenda kanisani. Haikutimia saa mbili na nusu, inveta ikaanza kulia. Dakika chache baadaye picha ikazimika, na taa zote nne zikazimika nayo. Seti ile ilikuwa ikila wati 250 hivi, wakati taa zote za mjomba hazikufika 20. Nilikuwa nimeleta fisi kwenye zizi la kuku.

Ukungu wa Uluguru ukakaa siku tatu bila kupisha jua, na betri haikurudi. Mjukuu wa mjomba alikuwa darasa la saba, wiki ya mtihani. Alisoma kwa koroboi, moshi ukimuumiza macho. Nilitamani mjomba anikaripie. Hakunikaripia. Alisema tu, "Uliuliza inaonyesha vipi. Hukuuliza inakula nini. Walipotuletea hapa mbuzi wa Norway, swali la kwanza tuliuliza majani."

Niliirudisha plasma mjini, nikapewa laki mbili na nusu. Kwa fedha hiyo nilipata LED ndogo ya inchi 19, inayokwenda moja kwa moja kwa volti 12 za betri, bila inveta, na kula wati 20 hivi. Mwaka uliofuata nilimlipa mjomba mbuzi wawili kwa hasara ile. Wiki ya koroboi sikuwa na cha kuilipia.

Historia nayo ilinisuta. Mwishoni mwa 2013 Panasonic, kampuni ya hukohuko Osaka alikopiga gitaa Mbaraka, iliacha kutengeneza plasma. Samsung na LG zikafuata mwaka 2014. Picha nzuri haikuiokoa. Plasma ilikuwa nzito, ilikuwa na njaa, na LCD zilizidi kushuka bei.

Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza kwa nini sisi wa Morogoro tuchague televisheni kwa kupima betri. Bwawa la Kidatu, lililo katika mkoa huuhuu, linazalisha umeme tangu mwaka 1975, na nyaya zake zilipita mkoani kwetu kwenda Dar es Salaam. Juu ya kilele cha Bondwa imesimama minara ya mawasiliano. Kwa miaka mingi umeme na habari vilipita karibu na watu wasio na taa. Siku hizi umeme wa gridi umefika vijiji vingi, na tangu mwaka 2024 bwawa jipya la Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, limeanza kuzalisha. Limepewa jina la Julius Nyerere, yeye aliyesema televisheni ingoje.

Madukani sasa ziko OLED, ambazo kila kidoa huwaka chenyewe kama ilivyokuwa plasma, nazo ni ghali. Sitakuambia ununue ipi. Ninakuomba uulize kwanza nyumbani kuna nini cha kuilisha, na nani mwingine anautegemea umeme huohuo.

Mjomba aliitazama LED yake hadi alipofariki. Kila taarifa ya habari ilipokwisha aliizima, awe na hamu asiwe nayo, ili taa ziwabakie watoto.