Ronald Ross: Daktari aliyeipigia malaria hesabu

JINA la Ronald Ross hutajwa shuleni wanafunzi wanapofunzwa kwamba malaria huenezwa na mbu, na aghalabu somo hukomea hapo. Ni wachache wanaoelezwa kuwa daktari huyo, aliyetuzwa Nobel mwaka wa 1902, alitumia miaka mingi baada ya tuzo hiyo akisaka jibu la swali gumu zaidi: ni mbu wangapi wanaohitajika ili ugonjwa uendelee kuishi kijijini?

Jibu alilolitoa ndilo lililoweka msingi wa hesabu ambazo wataalamu wa afya huzitumia hadi leo kukadiria mkondo wa maradhi ya kuambukiza, iwe ni surua, Ukimwi, Ebola au Covid-19.

Ross alizaliwa Mei 13, 1857, mjini Almora, kaskazini mwa India, akiwa kifungua mimba wa jenerali wa jeshi la Waingereza. Alipotimu umri wa miaka minane alipelekwa Uingereza kusoma. Moyo wake ulikuwa katika ushairi, muziki na uchoraji, lakini baba mtu alikuwa amekwisha kuamua kuwa mwanawe atakuwa daktari. Kijana akatii shingo upande, akasomea katika hospitali ya St Bartholomew's jijini London, na mwaka wa 1881 akajiunga na idara ya matibabu ya India.

Akiwa Madras, kazi ilikuwa chache na saa za mapumziko tele. Ni katika kipindi hicho alipoanza kujifunza hisabati bila mwalimu, akizama vitabuni kwa hamu iliyowashangaza wenzake. Hakuna aliyedhani kwamba uraibu huo ungekuja kuifaa tiba.

Mwaka wa 1894, akiwa likizoni London, alikutana na Patrick Manson, ambaye alimwonyesha kwa hadubini vimelea vya malaria vilivyogunduliwa na Mfaransa Alphonse Laveran mwaka wa 1880. Manson alishuku kuwa mbu wanahusika. Ross alirejea India na kuwapasua mbu mmoja baada ya mwingine, hadi Agosti 20, 1897, mjini Secunderabad, alipoviona vimelea katika tumbo la mbu wa jamii ya anofelesi aliyekuwa amemuuma mgonjwa aitwaye Husein Khan. Mgonjwa huyo alilipwa anna moja kwa kila mbu aliyekubali kuumwa naye. Mwaka uliofuata mjini Calcutta, akitumia ndege, Ross alionyesha jinsi vimelea vinavyofika katika tezi za mate za mbu na kupenyezwa kwa kiumbe mwingine.

Ugomvi wake na Mwitaliano Giovanni Battista Grassi kuhusu nani alitangulia uliendelea kwa miaka mingi, na haukumletea yeyote kati yao heshima.

Baada ya ugunduzi, Ross aliamini kuwa njia imekwisha kupatikana: punguza mbu, malaria itapungua. Wakuu wengi hawakushawishika. Katika kambi ya kijeshi ya Mian Mir, karibu na Lahore, jaribio la kuangamiza viluwiluwi lililoanza mwaka wa 1901 lilitangazwa kuwa halikufua dafu. Hoja ya wapinzani ilikuwa nyepesi kueleweka: huwezi kuwamaliza mbu wote, na hata ukiwamaliza hapa, wengine wataruka kutoka kule.

Mtu mwingine angejibu kwa maneno. Ross, ambaye kwa kweli hakuwa mchache wa maneno makali, safari hii alijibu kwa hesabu. Mwaka wa 1904, kwenye kongamano la kisayansi mjini St Louis, Marekani, aliwasilisha makadirio ya umbali ambao mbu anaweza kufika ikiwa hugeuka huku na huko bila mpango. Kwa kuwa safari ya namna hiyo humrudisha mbu nyuma mara kwa mara, wengi huishia si mbali na walikozaliwa. Kwa hivyo, katikati ya eneo kubwa lililosafishwa lazima mbu wapungue.

Hesabu hiyo ilipomlemea, aliomba msaada wa mtaalamu wa takwimu Karl Pearson. Mwaka wa 1905 Pearson alilipeleka swali hilo kwa wasomaji wa jarida la Nature, bila kumtaja mbu, akiuliza juu ya mtu anayetembea akibadilisha mwelekeo kiholela. Jina la dhana ya matembezi ya nasibu, ambayo leo hutumiwa hata na wachunguzi wa bei za hisa, lilitokana na barua hiyo.

Hatua kubwa zaidi ilifuata katika kisiwa cha Mauritius, ambako mkurupuko wa malaria wa miaka ya 1860 ulikuwa umeangamiza makumi ya maelfu ya watu. Ross alialikwa huko mwaka wa 1907 kuishauri serikali. Aliongoza upimaji wa wengu za maelfu ya watoto, kwa kuwa wengu iliyovimba ilikuwa ishara ya malaria, na katika ripoti yake ya 1908 akaingiza hesabu ambazo bila shaka ziliwatoa jasho maafisa waliozisoma.

Mantiki yake ilikuwa hivi. Chukua kijiji cha watu 1,000, mmoja wao akiwa mgonjwa. Ili mtu wa pili augue, sharti mbu amuume mgonjwa huyo. Sharti mbu huyo aishi siku kama kumi hivi hadi vimelea vikomae. Kisha sharti apate kumuuma mtu mwingine. Katika kila hatua mbu wengi hupotea. Basi mbu wakiwa wachache kupita kiasi fulani, kila mgonjwa huacha nyuma yake chini ya mgonjwa mmoja, na ugonjwa hufifia wenyewe hata kama mbu wangalipo.

Katika chapa ya pili ya kitabu chake kuhusu uzuiaji wa malaria, mwaka wa 1911, aliyaweka hayo katika milinganyo na kukadiria kiasi hicho kuwa mbu 40 hivi wa anofelesi kwa kila mkazi. Tarakimu yenyewe ilitegemea makisio yake, lakini wazo la kizingiti lilidumu.

Kati ya 1915 na 1917 alipanua kazi hiyo kwa maradhi yote ya kuambukiza, akisaidiwa na mwanahisabati Hilda Hudson. Anderson McKendrick, daktari aliyewahi kuandamana naye hadi Sierra Leone mwaka wa 1901, aliichukua njia hiyo, na mwaka wa 1927 yeye na William Kermack wakachapisha nadharia ya mikurupuko ambayo bado hufundishwa vyuoni.

Ross alifariki London Septemba 16, 1932, baada ya miaka ya manung'uniko kwamba taifa halikumlipa inavyostahili. Miaka michache kabla, alikuwa ameuza karatasi zake kwa pauni 2,000.

Taasisi iliyobeba jina lake baadaye iliongozwa na George Macdonald, ambaye katika miaka ya 1950 alionyesha kuwa lililo muhimu kupita idadi ya mbu ni umri wao. Iwapo mbu 90 kati ya 100 hunusurika kila siku, takriban 35 watakuwa hai baada ya siku kumi. Wakinusurika 60 tu kila siku, hatabaki hata mmoja kamili kati ya mia. Ndiyo sababu dawa inayomuua mbu anayetua ukutani au kwenye chandarua hushinda kufukia vidimbwi.

Hapa Kenya, jaribio la vyandarua vilivyotiwa dawa wilayani Kilifi, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka wa 1996, lilionyesha kuwa vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilipungua kwa thuluthi moja. Hata hivyo, kizingiti alichokitabiri Ross hakifikiki kwa urahisi kila mahali. Huko Garki, kaskazini mwa Nigeria, wataalamu walinyunyiza dawa manyumbani na kugawa tembe kwa wanavijiji katika miaka ya 1970. Malaria ilipungua, lakini haikukatika, na kampeni ilipokoma ikarejea.