Karagwe Iko Rafu Gani? Habari za Kupanga Vitabu Katika Maktaba Zetu

Mwaka 1876 yalitokea mambo mawili ambayo kwa wakati ule hayakuhusiana hata kidogo. La kwanza, Henry Morton Stanley alifika Karagwe na kupokewa na Omukama Rumanyika. La pili lilitokea Marekani. Kijana mmoja wa maktaba ya Chuo cha Amherst, aitwaye Melvil Dewey, alitoa kijitabu cha kurasa 44 kilichogawa elimu yote ya binadamu katika mafungu kumi yenye namba, kuanzia 000 hadi 900. Safari ya Stanley ilizaa kitabu kilichochapishwa mwaka 1878. Kijitabu cha Dewey ndicho kilichokuja kuamua vitabu vya namna hiyo vikae wapi.

Ndugu wasomaji, hasa vijana mlioko shuleni sasa, namba mnazoziona zimebandikwa kwenye migongo ya vitabu zina historia yake, nasi watu wa Nyaishozi historia hiyo inatugusa kuliko tunavyodhani.

Maktaba za umma katika nchi yetu zilianza chini ya Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki, lililoundwa mwaka 1948. Baada ya Uhuru, sheria ya mwaka 1963 iliunda bodi ya huduma za maktaba za Tanganyika, na tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Dar es Salaam. Mpango wa namba uliotumika humo ulikuwa wa Dewey. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishika mpango mwingine, ule wa Maktaba ya Bunge la Marekani, unaotumia herufi pamoja na namba. Kwa hiyo riwaya moja ya Kiswahili hupata 896.392 katika maktaba ya umma, na ikipanda kilimani Chuo Kikuu huingia chini ya herufi PL, fungu ambamo lugha za Afrika zimewekwa pamoja na Kichina, Kijapani na lugha za visiwa vya Pasifiki. Waliopanga hivyo walikuwa na sababu zao, lakini ni wazi kuwa hawakumfikiria msomaji wa Kiswahili.

Kwa Dewey pia yapo ya kushangaza. Katika fungu la dini, 200, sehemu nzima kuanzia 220 hadi 280 hushughulikia Biblia na Ukristo. Dini nyingine zote za dunia zimebanwa katika 290: Uislamu 297, na dini za jadi za Waafrika zote kwa pamoja 299.6. Katika fasihi, Ngugi wa Thiong'o alipoandika kwa Kiingereza aliwekwa 823, bega kwa bega na Dickens. Alipoandika Kigikuyu mwaka 1980 akahamia 896. Mtu ni yule yule, lakini vitabu vyake vimetengana rafu kadhaa.

Sasa tuje nyumbani. Mwanafunzi anayetaka kusoma habari za Karagwe ataanzia wapi? Kitabu cha Speke, aliyefika kwa Rumanyika Novemba 1861, ni cha safari, nacho huenda 916. Cha Grant, mwenzake aliyebaki Karagwe akiuguza mguu hadi mwaka uliofuata, huenda huko huko. Kitabu cha Profesa Israel Katoke juu ya ufalme wa Karagwe, kilichotolewa Nairobi mwaka 1975, ni historia, na mahali pake ni 967.8. Kazi ya Cory na Hartnoll ya mwaka 1945 juu ya sheria za mila za majirani zetu Wahaya iko kwenye sheria, 340. Methali zetu ni 398.9. Sarufi ya lugha yetu ni 496. Mwanafunzi akisimama mbele ya 967.8 akakuta kitabu kimoja tu, ataondoka akiamini kuwa kwao hakujaandikwa kitu, kumbe vitabu vimo humo humo chumbani vikimtazama kutoka rafu nyingine nne.

Lakini kutawanyika kwa vitabu si tatizo kubwa kuliko yote. Mfikirie Ruhinda, mwanzilishi wa ukoo wa Wahinda waliotawala Karagwe na nchi nyingine za jirani. Mapokeo yanamhusisha na Wachwezi. Mtu akileta maktaba kijitabu cha masimulizi ya wazee juu ya Ruhinda, mkutubi atakiweka wapi? Akikiweka 398.2, amesema hizi ni ngano, sawa na za sungura na fisi. Akikiweka 299.6, amesema ni dini. Akikiweka 967.8, amesema ni historia. Hakuna namba ya kusema "vyote vitatu kwa pamoja", na kitabu kimoja hakiwezi kukaa mahali patatu. Hapo kalamu ya mkutubi inatoa hukumu ambayo wanahistoria wenyewe wameibishania miaka mingi, naye anaitoa kwa dakika mbili kabla ya kengele ya chakula. Mimi nasema masimulizi ya nasaba na utawala yawekwe kwenye historia, na msomaji aachiwe kazi ya kuyapima. Anayeyaweka kwenye ngano amekwisha kumpimia.

Tatizo lingine ni majina. Speke na Stanley waliandika "Rumanika", Katoke akaandika "Rumanyika". Lugha yetu wengine huiita Kinyambo, wengine Runyambo, wengine Orunyambo, na Guthrie, aliyezipanga lugha za Kibantu, aliiita Nyambo na kuipa alama E.21. Profesa Rugemalira wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alipotoa msamiati wake mwaka 2002 na sarufi mwaka 2005, alitumia Runyambo. Je, kadi iwekwe kwenye K, N, O au R? Hata Shaaban Robert hajasalimika. Kanuni za Ulaya hutaka jina la ukoo litangulie, lakini Robert lilikuwa jina la baba yake, na sisi sote tunamtafuta kwenye S.

Mahali penyewe hapatulii pia. Wakati wa Waingereza Karagwe ilikuwa ndani ya Wilaya ya Bukoba. Baadaye tukawa Mkoa wa Ziwa Magharibi, kisha Kagera baada ya vita vya 1978 na 1979, na mwaka 2012 Kyerwa ikawa wilaya yake. Ripoti ya mwaka 1950 inayoizungumzia Kyerwa ya leo imeandikwa "Bukoba" juu ya jalada, na mtoto wa Kyerwa hana sababu ya kuifungua.

Dawa ya mambo haya ilijulikana tangu zamani, nayo ni kadi ya "tazama" na "tazama pia". Kitabu hukaa mahali pamoja, lakini kadi zake zaweza kuwa kumi. Kadi ya "Rumanika" itasema tazama Rumanyika, na ya "Karagwe" itasema tazama pia 916, 340, 398 na 496. Hakuna mtaalamu wa ng'ambo anayeweza kuziandika, kwa sababu hajui kwamba Kinyambo na Orunyambo ni kitu kimoja. Chuo cha ukutubi cha Makerere kilianza mwaka 1963, na chetu cha Bagamoyo mwaka 1989, lakini katika shule nyingi mkutubi ni mwalimu wa somo lingine aliyekabidhiwa ufunguo na daftari la kupokelea vitabu. Daftari hilo husema kitabu kimefika lini. Halisemi ndani yake mna nini.

Kompyuta zimeondoa kazi ya kupanga kadi kwa mkono, na kitabu kimoja kinaweza kupewa maneno ya kutafutia mengi kadiri mtu apendavyo. Hata hivyo kompyuta haijui neno ambalo hakuna aliyeliandika. Mwanafunzi wa kidato cha pili anayejua jina la kilima chao na la ukoo wa bibi yake anaweza kuanza Jumamosi hii, kwa daftari la mistari na kalamu. Afungue vitabu kimoja kimoja na kuandika ukurasa ambao Karagwe imetajwa.